Tupeane uzoefu: chumba gani cha jengo la shule ya uuguzi kilikufundisha kazi?

Mtundika Dripu:
Wauguzi na wakunga wa humu, salamu kwenu. Jengo jipya la uuguzi likizinduliwa, picha zinazosambaa ni za ukumbi wa mihadhara na safu za kompyuta. Stoo hakuna anayeipiga picha. Haya, tuambizane: ni chumba gani hasa kilichokupa mikono ya kazi?

Kwangu ni wodi ya mazoezi. Vitanda vya breki, mapazia, na ukutani tundu la oksijeni ambalo kwa kweli lilitoa hewa ya kawaida tu (busara hiyo, oksijeni huchochea moto). Mchora ramani aliacha nafasi kati ya vitanda: wawili mnamgeuza mgonjwa, wa tatu anapita na kiti cha magurudumu. Nafasi hiyo nimeitafuta sana kwenye wodi za kweli.

Mama Kanula:
Mkono wa mpira! Ndani mirija, juu umetundikwa mfuko wa maji mekundu. Ukiupata mshipa, "damu" inarudi kwenye kanula (kile kimrija cha plastiki kinachoingizwa mshipani kwa sindano) na darasa zima linashangilia. Ila ikaguliwe ngozi yake. Ikishachomwa na kila mtu, matundu yanakuonyesha mshipa ulipo, basi unatafuta kwa macho badala ya kupapasa kwa kidole. Mgonjwa haji na alama za waliokutangulia. Chuo kinachonunua mkono bila ngozi za akiba kimenunua pambo.

Nesi Kimya:
Sinki. Bomba la kufungua kwa kiwiko, na kile kisanduku cha taa ya zambarau: unapaka losheni yake, unanawa, unaingiza mikono, uliposahau panang'aa. Mimi kidole gumba na ncha za vidole, kila mara. Tangu hapo sekunde 40 hadi 60 za kunawa kwa sabuni sizioni nyingi.

Mkunga wa Zamu ya Usiku:
Chumba cha uzazi, na yule mdoli wa kuzalisha. Msidhani ni mambo ya juzi. Ufaransa, mwaka 1759, Mfalme Louis wa 15 alimpa mkunga Madame du Coudray kibali cha kuzunguka mikoani kufundisha, naye alitumia nyonga na mtoto vilivyoshonwa kwa kitambaa. Wa kwetu ulikuwa wa plastiki, bega la mtoto likikwama unatoka jasho kama yuko hai.

Mwalimu wa Vitendo:
Wanangu, hakuna aliyetaja chumba cha kioo? Ninyi mko na mdoli, mimi niko nyuma ya kioo naongea kwa kipaza sauti, "nesi, kifua kinanibana", na napandisha mapigo ya moyo kwenye skrini. Lakini kazi yenyewe iko chumba cha pili, chenye viti vya duara, tunapokaa kujadili yaliyotokea. Mjadala ule mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Majengo mengine yamekisahau kabisa chumba hicho, watu wanajadiliana kwenye korido.

Sindano Butu:
Shikamoo Mwalimu. Kwetu mdoli wa aina hiyo alikaa ndani ya sanduku lake, fundi wa kumwendesha hayupo. Tulichotumia ni kiwiliwili cha kawaida cha kubana kifua, cha kujifunza kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama, kinalia tiki ukifika sentimita 5. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30 kisha pumzi 2. Nilitoka najua.

Mwalimu wa Vitendo:
Marahaba mwanangu. Hilo nakubali. Mrs. Chase, mdoli aliyetengenezwa mwaka 1911 kwa ajili ya shule ya wauguzi kule Hartford, Marekani, hakuwa na waya hata mmoja, na wanafunzi walijifunza kumgeuza na kumvisha nguo. Ningekuwa na bajeti ndogo, ningelipa kwanza mshahara wa mtunza wodi ya mazoezi, mwenye ufunguo, anayefungua hata jioni. Kwenu ufunguo alikuwa nao nani?

Sindano Butu:
Mkuu wa idara. Na saa kumi hivi alikuwa ameshaondoka.