Tupeane uzoefu: mliouguza mtu nyumbani hadi pumzi ya mwisho, ni nini kiliwasaidia?

Binti wa Kayole
Wapendwa, wiki hii familia mbili za kanisani kwetu zimeletewa wagonjwa nyumbani na maneno yaleyale: "Mpelekeni tu, hakuna la kufanya tena." Nimeona nianze mimi.

Baba alikuwa na kansa ya koo. Mwaka 2012 hospitali moja hapa mjini ilituambia hivyohivyo, tukapewa Panadol na barua ya kutoka. Wiki tano hatukulala. Alikuwa akiuma leso ya mama usiku ili wajukuu wasimsikie. Leso hiyo ninayo mpaka leo, pindo lake limetoboka kwa meno. Jirani alipotutajia mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kaka mkubwa alikataa katakata: hiyo ni dawa ya kummaliza mtu. Nasi tukanyamaza, maana ndiye mkubwa.

Miaka sita baadaye ikawa zamu ya mama, kansa ya mlango wa kizazi. Safari hii sista mmoja alituandikia barua twende Nairobi Hospice, kituo cha kutuliza maumivu ya wagonjwa kama mama, pale kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Imekuwepo tangu 1990, na wakati wa baba hatukuwa tumeisikia hata kwa jina. Mama alianzishiwa mofini ya maji, ile ya kunywa, tukimpimia kwa sirinji isiyo na sindano kila baada ya saa nne. Siku ya tatu akauliza kama kuna omena. Wiki hiyo nilimkuta ameketi mlangoni anachambua sukuma, anamkemea mtoto wa jirani kwa kuchafua kamba ya nguo. Tuliishi naye miezi saba hivyo. Alikufa, ndiyo, lakini hakuuma leso.

Karibuni. Hata lililoumiza, semeni.

Sista wa zamu
Pole sana, dada. Mimi ni nesi, na hiyo hofu ya kaka yako nakutana nayo kila wiki. Mofini ikianzwa kidogo na kuongezwa kwa kufuata maumivu, haimuui mgonjwa. Kinachoharibu ni kungoja mpaka alie ndipo apewe. Itolewe kwa saa, maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Hufunga choo karibu kila mtu, kwa hiyo ulizeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Na akilala sana siku mbili za kwanza msiogope mara moja, huyo mara nyingi ni mtu aliyekosa usingizi wiki nzima. Lakini asipoamshika, au pumzi zikiwa chache mno, pigeni simu kwa waliowaandikia dawa.

Jambo jingine: tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa pamoja na familia yake, haingoji daktari ashindwe. Huanza mapema, sambamba na matibabu ya kansa, figo au moyo.

Baba Watatu, Githurai
Mimi nitasema kuhusu kuficha. Mke wangu alikuwa na miaka 41. Wazee wa pande zote walikubaliana asiambiwe, eti atakata tamaa. Basi tukawa tunanong'ona jikoni na kumwambia ni vidonda vya tumbo. Usiku mmoja stima zimepotea, akasema gizani, "Baba Watatu, unadhani mimi sijui?" Nililia kama mtoto. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Kuanzia hapo tukaongea. Alinionyesha anakoweka hati ya ploti, akanifundisha kumsuka binti yetu mdogo, mistari miwili tu, akinishika vidole pale ninapokosea. Akasema wazi azikwe Lang'ata, si ushago, ili watoto wamfikie kwa matatu. Alijua kutakuwa na vuta nikuvute, kwa hiyo alijirekodi kwenye simu. Kwenye kikao cha mazishi nilibonyeza tu ile sauti, wazee wakainamisha vichwa.

Tulipoteza miezi miwili tukidanganyana. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kifo chenyewe.

Wanjiru_K
Sisi shosho tulimlisha uji kwa nguvu. Alikuwa anafumba mdomo, tunasema ni ukaidi. Ukampalia. Sijajisamehe.

Sista wa zamu
Wanjiru, mlifanya kwa upendo na hakuna aliyewaeleza. Mwili ukikaribia mwisho haudai chakula. Wengine wakisoma hapa: lowanisha pamba safi kwa maji, mpanguse midomo na ulimi, mpake mafuta kidogo. Hiyo nayo ni kumlisha.

Otis wa Umoja
Mjomba aliomba arudishwe nyumbani. Tukampeleka chumba cha mahututi kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana amebania pesa. Siku kumi na mbili, mashine, saa za kumwona zimepimwa. Tulikuwa tunachangisha harambee ya kitu alichokikataa kwa mdomo wake.

Mkaza mwana
Samahani, naandika nikiwa kando ya mama mkwe. Hajafungua macho tangu asubuhi. Pumzi inakoroma kama maji kwenye bomba, miguu imepoa. Sista, anateseka?

Sista wa zamu
Niko hapa, mama. Sauti hiyo ni mate ambayo hana nguvu ya kuyameza. Kwa kawaida inakuumiza wewe kuliko yeye. Mgeuze taratibu alale ubavu, uinue kichwa kwa mto mmoja, usimpe kitu mdomoni. Tazama uso: akikunja paji au akigumia, piga namba mliyopewa. Na uzungumze naye, huenda anasikia.

Mkaza mwana
Nimemgeuza aelekee dirishani. Imepungua. Paji limelegea. Mume wangu amekwama kwenye msongamano Jogoo Road, nimeweka simu kwenye mto karibu na sikio la mama. Anamwita.