Re: Barua ya kaunsili kuhusu SPD na mama mgeni, naomba msaada haraka

Kutoka: Bint Pangani
Jumanne, saa 2:40 usiku

Wapendwa habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba anayejua anijibu kweli maana leo hata chakula hakijapita. Nimetoka kazini nakuta barua ya kaunsili (halmashauri ya hapa Uingereza), wanafanya rivyuu ya SPD yangu, lile punguzo la kodi ya kaunsili kwa mtu mzima anayeishi peke yake, wanasema wana taarifa kuna mtu mzima mwingine kwenye anwani hii, nijaze fomu ndani ya siku 14 la sivyo ile asilimia 25 wanaiondoa na madeni ya nyuma juu.

Mtu mzima mwenyewe ni mama. Kaja kwa viza ya matembezi, ile ya miezi 6, kaingia mwezi wa saba na tiketi ya kurudi ni Desemba. Fomu inataka jina la kila mwenye miaka 18 na kuendelea anayeishi hapa, na TAREHE ALIYOHAMIA. Mama hajahamia popote, nyumba yake ipo, kuku wake wapo. Sasa nimwandike au nisimwandike? Nikimwandika si nimekubali? Nisipomwandika si nimedanganya?

Kinachoniuma zaidi ni nani kapeleka taarifa. Nyumba yangu ni ya mwisho kwenye mstari, jirani wa ukuta ninaye mmoja tu, mzee wa miaka sabini na kitu. Huu mwaka wa saba tunakaa ukuta kwa ukuta na kusema kweli jina lake nimelijua mwezi wa nane, tena kaniambia mama, ambaye Kiingereza chake chote ni gudimoni na finishi. Mama wiki ya kwanza tu kila asubuhi yuko kwenye uzio na kanga zake, "Hujambo baba!" Mzee wa watu siku ya kwanza aliangalia nyuma kama anaambiwa mwingine, ya pili akainamisha kichwa, ya tatu akajibu "Jambo". Sasa hivi mama ndiye anamtolea pipa barabarani Alhamisi, na yeye kampa tuta moja kwenye bustani yake mama kapanda mchicha, wanaongea nusu saa kila mtu kwa lugha yake na wote wanacheka, sijui wanacheka nini. Kwenye basi ndo usiseme, anaanza na dereva anashuka nao siti kwa siti, nami najifanya nasoma simu.

Sasa nawaza, mtu pekee mtaani anayejua mama yupo ni huyo mzee. Jioni hii kanipungia mkono nikapita.

---

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumanne, saa 3:15 usiku

Marahaba binti. Usimsingizie mzee wa watu. Hizo barua hazitoki kwa jirani, ni NFI hiyo, National Fraud Initiative, mpango wa serikali wa kunasa udanganyifu. Wanachukua orodha ya wenye SPD wanailinganisha na daftari la wapiga kura na kumbukumbu nyingine, kompyuta ikiona jina la pili inatema barua. Mimi nilipata kwa sababu kijana wangu alihama akasahau kujitoa.

---

Kutoka: Mama Pacha
Jumanne, saa 3:22 usiku

Mzee kwa heshima zote, mama wa watu ni mgeni, ataingiaje kwenye daftari la wapiga kura? Soma swali kwanza.

Mdogo wangu Bint Pangani pole sana. Mimi yalinikuta na mwanangu wa kwanza alipofikisha 18, siku tatu tu baada ya bethdei barua hiyo. Ila yeye alikuwa anaanza chuo, mwanafunzi wa full-time hahesabiwi, nikatuma ile cheti ya chuo wakaniacha. Mama yako anasoma chochote? Hata Kiingereza? (Najua hasomi, nauliza tu.)

Kuhusu majirani mi nina yangu. Nilipokuwa naishi flati, wa chini yangu alikuwa ananipokelea vifurushi miaka miwili. Nagonga, mlango unafunguka kiasi cha cheni, unatoka mkono, mkono wenye saa ya dhahabu, unanipa kifurushi, nasema asante, mlango unafungwa. Miaka miwili huyo kwangu alikuwa mkono! Siku nahama ndo nimemwona mzima kwenye ngazi, kumbe binti mdogo tu, aibu zake hizo, akanisaidia kushusha kochi mpaka chini.

---

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumanne, saa 3:31 usiku

Swali nimelisoma. Nimesema "na kumbukumbu nyingine". Nawe soma.

Na jibu ni kwamba wanaohesabiwa ni wale ambao hapo ndipo makazi yao makuu. Mama makazi yake makuu ni kwake na kuku wake. Sijui kwa nini watu wanapenda kuzungusha.

---

Kutoka: Mwana wa Likoni
Jumanne, saa 4:05 usiku

Mzee hilo la makazi makuu ni sawa kwenye karatasi lakini mimi mamangu alikaa miezi minne na kaunsili yangu wakakata diskaunti, wakasema thibitisha, nikatuma tiketi wakasema haitoshi. Nikalipa nikanyamaza. Kwa hivyo si kila mtu anajibiwa kama wewe.

---

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumanne, saa 4:09 usiku

Ulilipa kwa sababu ulinyamaza. Unawaandikia rasmi, wana miezi miwili ya kujibu, wakikataa unakwenda Valuation Tribunal, baraza la rufaa za kodi hiyo. Hailipiwi. Watu wetu wakiona bahasha ya kahawia wanatafuta pochi.

---

Kutoka: Mwana wa Likoni
Jumanne, saa 4:20 usiku

Nilikuwa nafanya kazi mbili, hiyo tribunal ningeenda saa ngapi, usiku wa manane?

Dada usiogope, piga simu. Utasikiliza kinanda kama dakika arubaini hivi halafu atakuja mtu. Na hilo la kusalimia mwache mamako asalimie. Mimi mwaka wangu wa kwanza jirani alinitupia "yu orait?" tukiwa wote tunafungua milango, nami kwa adabu nilizolelewa nazo nikaweka mifuko chini nikaanza: nyumbani wazima, baridi tu, na huu mgongo tangu Ijumaa. Nikiinua macho mlango wake ushafungwa, mimi bado niko kwenye mgongo.

---

Kutoka: Mpemba wa Belfast
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Asalaam alaykum. Huku kwetu haipo hiyo kodi ya kaunsili, sisi tunalipa rates, ndiyo kodi ya nyumba ya huku. Nimeona niwafahamishe.

---

Kutoka: Mama Pacha
Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Asante kaka, imetusaidia sana.

---

Kutoka: Bint Pangani
Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Asanteni wote. Mzee wangu nakuelewa kuhusu makazi makuu, ila kile kisanduku cha fomu hakina sehemu ya kusema "yupo lakini haishi". Ni ndiyo au hapana. Halafu kama ni kompyuta, imemjuaje mama? Hana benki hapa, hana simu ya hapa, eVisa yenyewe hana, kagongewa muhuri tu. Bado namwona mzee wa uzio.

Asubuhi hii mama kanilaumu kwa nini sikumjibu mzee alipopunga. Nimemwambia mama huyu mtu katuchongea. Akasema "Yule? Yule hawezi, yule hata paka wa watu anamlalia mapajani." Eti ushahidi huo.

---

Kutoka: Zamu ya Usiku
Jumatano, saa 3:00 asubuhi

Ndo naingia nyumbani sasa, nimesoma yote kwenye basi. Kuhusu fomu sijui maana mi napanga chumba, kodi ya kaunsili iko ndani ya kodi ya nyumba.

Ila hilo la kumshuku mtu ambaye hujawahi kuongea naye limenikumbusha. Kabla ya zamu hii nilikuwa nasafisha maofisi, kituo cha basi saa 11 alfajiri, na kila siku kuna mama mmoja wa koti la kijani, sijui Mreno sijui wa Brazil. Miaka minne tunapeana kichwa tu, mi nampa yeye ananipa, basi linakuja kila mtu siti yake. Halafu akakosekana. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nikajikuta nimekaa vibaya kabisa, eti namuwaza mtu nisiyejua hata jina. Nikamuuliza dereva, yule wa koti la kijani vipi? Dereva kacheka, akaniambia yule naye aliniulizia wewe mwaka jana ulivyopotea mwezi mzima. Nilikuwa nimeenda likizo nyumbani! Akarudi Jumatatu. Nikampa kichwa, akanipa kichwa, tukapanda.

Sijawahi kuongea naye mpaka leo na nimeshabadilisha zamu.

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Ilford
Jumatano, saa 7:15 mchana

Mwanangu umeniliza na mie mchana huu nina kazi zangu. Huku kumetulia kupita kiasi. Kwetu mtu hajafika mlangoni ushasikia hodi yake, ukikaa siku mbili kimya washakuja kukugongea mzima wewe. Hapa mie niliumwa homa siku tisa, aliyegonga ni wa mita ya gesi.

Na hii hofu yote ya barua ni kwa sababu tunaishi kama wapangaji hata tukiwa na nyumba. Wangapi humu wamejiandikisha kupiga kura? Sisi ni Jumuiya ya Madola, ukiwa na ruhusa halali ya kukaa unapiga kura hapa, ya ubunge pia, huhitaji paspoti yao. Diwani wako ukimpigia kura una mtu wa kumlilia habari ya fomu.

---

Kutoka: Kibaha Damu
Jumatano, saa 7:40 mchana

Bi Mkubwa shikamoo. Yaani tunapiga kura Uingereza na hatuwezi kupiga kura Tanzania tukiwa huku, hebu niambieni hilo limekaaje. Wakenya uraia pacha wanao tangu katiba ya 2010, sisi ukichukua paspoti ya hapa umekuwa mgeni kwa mamako mzazi, unaomba viza ya kwenda kuzika.

---

Kutoka: Mwana wa Likoni
Jumatano, saa 7:44 mchana

Karibuni Kenya 😂

---

Kutoka: Kibaha Damu
Jumatano, saa 7:46 mchana

Tukaribie wapi, nyie kura mnayo na bado kila siku mnalia

---

Kutoka: Msimamizi
Jumatano, saa 8:05 mchana

Ndugu zangu siasa pelekeni kule kwenye uzi wake. Huyu dada ana siku 14, zimebaki 12 au ngapi sijui. Mwenye jibu la FOMU aongee.

---

Kutoka: Mama Pacha
Jumatano, saa 8:30 mchana

Msimamizi jibu lishatolewa mara mbili, la ndiyo na la hapana.

---

Kutoka: Bint Pangani
Jumatano, saa 4:10 usiku

Jamani nimempata mchongeaji.

Nimemkalisha mama nikamuuliza taratibu, kuna mtu yeyote alikuja hapa mimi nikiwa kazini? Akasema wageni wengi tu wanakuja. WENGI! Nani? Yule kijana wa vifurushi, anampa maji akifika. Wale mabinti wawili wa dini na vitabu vyao, kawakaribisha ndani kawaacha wakasoma mpaka wakamaliza. Na mwezi wa tisa "yule mama mwenye kitambulisho shingoni na kompyuta ya mkononi, mstaarabu huyo, mguu ulikuwa unamuuma". Kamkalisha sebuleni kampikia chai ya tangawizi. Huyo mama akawa anauliza kitu, anaonesha nyumba, anaonesha watu, mama akaelewa anaulizwa mko wangapi humu. Akamwonesha vidole viwili. Halafu akamwambia "Finishi."

Nimeenda kutafuta nyuma ya rundo la barua kwenye mlango, na kweli ipo karatasi ya daftari la wapiga kura, walituma mara mbili sikujibu, ndo wakaleta mtu. Wanataka wamalize kabla daftari jipya halijatoka tarehe 1 Desemba. Kwa hiyo nadhani imetokea huko, Mzee wa Leicester naomba radhi, ingawa jina la mama hawana, vidole tu ndo wanavyo.

Nikamwambia mama kwa nini usingeonesha kimoja? Akanitazama kweli. "Nionyeshe kimoja na mimi nimekaa hapo?"

Nimetoka nje saa hiyo hiyo na giza lake nikagonga kwa mzee wa pembeni, sikuwa na la kusema, nikamwambia kesho pipa nitatoa mimi. Akasema hapana, mama yako ataudhika.

Sasa narudi palepale. Fomu. Nimwandike na niambatanishe tiketi na ule muhuri wa viza, au niweke mimi peke yangu na barua ya maelezo pembeni? Na kwenye tarehe ya kuhamia niandike nini? Nataka kuituma Ijumaa.

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Ilford
Jumatano, saa 4:35 usiku

Msalimie sana mama, mwambie ana mtoto wake mwingine Ilford. Huo mchicha umeota kweli kwa baridi hii? Mbegu kaja nazo au kapata huku?

---

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatano, saa 4:41 usiku

Kama kaja nazo asiseme hadharani. Mbegu za kupanda zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka kule zilikotoka. Watu hawasomi.

---

Kutoka: Mama Pacha
Jumatano, saa 4:43 usiku

Bint Pangani niandikie pembeni kuhusu hizo mbegu.