Dubai, Lesotho au Austria: mtu mzima mwoga ajifunzie wapi kuteleza kwenye theluji?

Kobe_wa_Entebbe:
Salamu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 43, najikwaa hata kwenye zulia, na nikisimama penye mwinuko magoti hulegea. Shemeji zangu wanaoishi Austria wananitaka niungane nao mlimani mwezi wa Februari. Je, nianzie huko huko mbele ya macho yao, au nitangulie Dubai au Lesotho nijifunze nikiwa sijulikani na mtu? Nauli na viza naweza kuvimudu kwa safari mbili, si zaidi.

Mzee_wa_Jinja:
Nenda Dubai. Ukumbi wa Ski Dubai, uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, una baridi ya nyuzi moja au mbili chini ya sifuri mwaka mzima, hauna upepo wala ukungu, na njia yake ndefu zaidi haizidi mita 400. Asiyejua kufunga breki na kukata kona hutakiwa kuchukua somo kabla ya kuruhusiwa kwenye miteremko mikubwa, na kwa mwoga hiyo ni kinga, kwa sababu hakuna rafiki atakayekuvuta hadi juu kwa maneno matamu. Koti, suruali, buti na skii, yaani vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni, utavikuta huko huko. Glavu na kofia beba zako. Epuka mwisho wa juma, kwani watu hujaa na kila anayekupita kwa kasi atakushtua.

Binti_Elgon:
Kwa heshima zote, Mzee wangu, siafiki. Saa mbili ndani ya ukumbi zitamfundisha kusimama, lakini hazitamzoesha mlima, na mlima ndio anaouogopa. Kituo cha Afriski katika milima ya Maluti, Lesotho, kina mteremko mkuu wa takriban kilomita moja na sehemu yake tulivu ya wanaoanza; ukilala pale pale unaweza kujifunza siku kadhaa mfululizo, na mwili hushika jambo kwa kurudia. Kasoro ninazoziona ni mbili. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo lazima aanze mapema. Tena kituo kiko juu ya mita 3,000, ilhali sisi wa Entebbe na Kampala tumezoea takriban mita 1,200. Siku ya kwanza atahema kwa kufunga buti tu, basi apumzike kwanza.

Mwalimu_FortPortal:
Mnabishana juu ya mahali, na hofu ya ndugu yetu iko miguuni. Mtu akiogopa mteremko huegemea nyuma, na hapo ndipo skii zinapomponyoka, kwa sababu uzito ukihamia visiginoni ncha za mbele hazishiki theluji tena na hawezi kuzigeuza. Dawa yake ni kukunja vifundo na magoti hadi mfupa wa muundi ugandamize ulimi wa buti, mikono ikiwa mbele mahali unapoweza kuiona. Kisha kutanisha ncha za mbele bila kuzipandanisha, na usukume visigino nje mpaka skii ziwe kama kabari: kadiri unavyozipanua nyuma ndivyo unavyopunguza mwendo. Ukiona unaanguka, anguka ubavuni kuelekea upande wa juu wa mteremko, na fimbo za mkononi za kujisukumia uziachie; dole gumba huumia sana kwa kung'ang'ania fimbo.

Na kabla hajatokea wa kuuliza kuhusu Rwenzori yetu: kileleni Margherita, kwenye mita 5,109, kuna barafu yenye nyufa, tena inayopungua mwaka hadi mwaka. Ni mahali pa wapanda mlima, wala hapana lifti.

Mzee_wa_Jinja:
Naongeza kwamba jirani yetu Mkenya, Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, alivaa skii mara ya kwanza mwaka 1996 akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akashindana katika Olimpiki ya Nagano. Ilikuwa mbio ndefu za theluji, si kuteremka, lakini umri haukumzuia.

Kobe_wa_Entebbe:
Asanteni sana. Naelekea kuchagua Lesotho mwezi wa Julai, kisha Austria. Shemeji mkubwa anasema atanifundisha mwenyewe, bure. Nikubali?

Binti_Elgon:
Kataa kwa adabu, ndugu yangu. Shemeji amesahau jinsi asiyejua anavyojihisi, nawe utaona aibu kumwambia kwamba unaogopa. Vituo vya Austria vina shule zenye madarasa ya watu wazima wanaoanza. Jiunge na darasa, mkutane naye chakula cha mchana. Na unapokodi vifaa, taja uzito wako halisi pamoja na kwamba ndiyo kwanza unaanza, kwa sababu kishikizo kinachoshika buti kwenye skii hukazwa kulingana na majibu hayo. Kikikazwa kupita kiasi hakitafunguka unapoanguka, na goti ndilo litakalopinda.

Mwalimu_FortPortal:
Soksi vaa jozi moja tu, ndefu hadi chini ya goti. Ukivaa mbili zitajikunja ndani ya buti na kukuchubua muundi kabla ya saa sita mchana.