Mjadala: Hali ya mwamba wetu ipimwe na nani, mtaalamu au mvuvi?

Wadau, hili swali limenikaa kooni tangu kikao cha juzi cha BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, huku kwetu Kilifi, bora nilimwage hapa tubishane. Wengine walisema kupima hali ya matumbawe na nyasi za bahari ni kazi ya wasomi wenye mitungi ya hewa, mvuvi avue tu. Wengine wakasema mgeni atatufundisha nini kuhusu mwamba tuliozaliwa tukaukuta. Watu walipiga meza mpaka chai ikapoa.

Mi niko upande wa mvuvi apime, ila nina masharti.

Mtaalamu anakuja mara moja kwa mwaka, tena akipata mafuta ya boti. Na joto la bahari huku linapanda Machi na Aprili kaskazi ikiisha, tumbawe likizidiwa linatema vile vijimea vinavyolilisha linabaki jeupe kama chokaa. Hapo wengi husema limekufa, bado jamani, liko hai lina njaa, maji yakipoa mapema laweza kurudi. Yasipopoa, wiki chache tu mwani ushalifunika na ndio basi tena. Haya, anayekuja Oktoba ataona nini? Mwani! Ataandika mwamba mbovu, umekufa lini na kwa nini hajui, pengine asingizie nyavu zetu. 1998 joto liliua matumbawe mengi sana pwani hii, na 2024 yakapauka tena sehemu nyingi za dunia. Wa kuiona ile wiki yenyewe ni yule anayeingia majini kila siku.

Sasa mzee mmoja akasema kipimo chake ni ndoo, ndoo ikijaa samaki basi bahari ni nzima. Pale nilikosa jibu, nimelipata usiku kitandani. Mzee wangu kwa heshima zote, ndoo inadanganya. Tukimaliza vikande, wale samaki waliokuwa wakivila vile vidudu vya miiba mieusi vinavyotuchoma miguu, vidudu hivyo vinazaana na kuuguguna mwamba, na kwako wewe samaki wa tafi bado wanaingia kwenye malema, ile mitego yetu, vizuri tu kwa sababu wao wanakula nyasi na mwani. Kufika siku ndoo inakuja nusu, mwamba ulishaondoka zamani.

Lakini na sisi tusijifanye tunajua. Kuna siku ya bamvua nilishika utepe, maji yamekupwa mpaka magotini, tuna fremu ya mabomba ya plastiki nusu mita kwa nusu mita, unailaza juu ya nyasi unakadiria zimefunika kiasi gani. Nikasema asilimia 70. Mwenzangu akasema 40. Fremu ileile!! Tukacheka, ila mpimaji hakucheka, akatoa picha za kulinganisha, turudie tena na tena hadi tukakaribiana. Kwa hivyo mafunzo lazima, na chuma kipigwe pale mnapopima ili mwakani mrudi palepale, sio kuchagua penye kupendeza.

Sharti lingine, tusijipime wenyewe. Mwamba ukifungwa usivuliwe, halafu wenye njaa ya kufunguliwa ndio wanaohesabu samaki, hiyo si kesi ya ngedere kumpelekea nyani? Kijiji cha jirani waje wapime kwetu, sisi twende kwao.

Na namba zisomwe bandarini, kwa sauti, siku wavuvi wapo. Bahari ya Malindi na Watamu ilifungwa kwa amri ya serikali 1968, Kuruwitu, hapa hapa Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua kutenga kama hekta 30 mwaka 2005, na ukitaka kujua tofauti kaa na wazee usikie hiyo amri wanavyoisema hadi leo. Huku kwetu watu wamepimwa bahari yao miaka na miaka, karatasi zikapanda gari zikaenda, hakuna aliyerudi kusema tumeona hiki.

NYONGEZA: kuna ndugu wa Kilwa ameniuliza nani amlipe mvuvi siku ya kupima, maana asipoingia baharini nyumbani hakuna unga. Swali zito hilo, masharti yangu yote yanaweza kufia hapo. Mi naona itoke kwenye ada ya watalii wanaokuja kuangalia huo mwamba, hata kidogo, sawa na pato la siku moja. Wenye vijiji visivyopata watalii mnafanyaje?