Naombeni ushauri: kunyoa nywele za msiba, Biblia inakataza au la?

Wakuu, habari za jioni.

Tumemzika baba wiki iliyopita. Jumamosi tunaanua matanga, na shangazi (dada mkubwa wa marehemu) ameshasema watoto wote tunyolewe, mimi kifungua mimba ndiyo nianze. Mwinjilisti wetu naye anasema nikinyoa nimerudia upagani, akanisomea Kumbukumbu la Torati 14:1. Usiku nikafungua Ayubu 1:20, nikakuta mtu kafiwa na watoto, kararua joho, kanyoa kichwa, kisha kasujudu. Nishike lipi?

La pili ndilo linaniuma zaidi. Makaburini sikulia. Nilikuwa nahangaika na viti, turubai, nani hajala. Mama mmoja akasema makusudi nisikie: "Huyu hata chozi!"

Nipeni maandiko, matusi hapana.

Shemasi Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Mstari huo wa Kumbukumbu la Torati usome mpaka mwisho. Unakataza kujichanja mwili na kufanya upaa katikati ya macho, yaani pale mbele juu ya paji, kwa ajili ya maiti. Walawi 21:5 inawabana makuhani. Lakini nenda Isaya 22:12: Bwana mwenyewe anawaita watu walie, wanyoe vichwa, wavae magunia. Angewaita kwenye upagani?

Kidagaa:
Mzee wangu, hapo nakupinga kidogo. Isaya anasema habari za mji mzima uliopaswa kutubu, hiyo siyo mila ya ukoo. Mleta mada, muulize shangazi: nikikataa itakuwaje? Akikujibu mzimu wa baba utakusumbua, usinyoe. Akisema ni heshima tu, nyoa ukalale.

Shemasi Mstaafu:
Hilo sina ubishi nalo.

Mama Wawili:
Mimi nijibu la machozi. Soma Ezekieli 24. Mke wa nabii Ezekieli alifariki jioni, naye nabii alikuwa ameambiwa na Bwana asilie, apige kilemba, avae viatu, asifunike midomo, asile chakula cha watu. Geuza hayo makatazo, utamwona mfiwa wa enzi zile alivyokuwa: kichwa wazi, miguu pekupeku, mdomo umefunikwa, anakula kilicholetwa na majirani. Akipita njiani huhitaji kumuuliza. Ndiyo maana watu walimshangaa Ezekieli, wakataka awaeleze maana yake.

Sasa mlinganishe na yule mwanamke wa Tekoa, 2 Samweli 14. Yoabu, jemadari wa Daudi, alimwambia avae nguo za msiba, asijipake mafuta, ajifanye mfiwa wa siku nyingi. Mfalme Daudi akaingia mkenge! Aliyevaa msiba hakuwa na msiba, na Ezekieli mwenye macho makavu ndiye aliyefiwa na mke. Huyo mama wa makaburini muache na mdomo wake. Anayehesabu viti naye anamzika baba yake.

Fundi Cherehani:
Nichomekee kidogo ya kiufundi. Tukisoma "magunia" wengi tunafikiria gunia la mahindi. Lile lilikuwa vazi la manyoya ya mbuzi, gumu, linawasha ngozi, mara nyingi jeusi. Ufunuo 6:12 inasema jua likawa jeusi kama gunia la singa, na singa ni nywele.

Kuhusu kurarua, Wayahudi wanaoshika desturi hurarua vazi hadi leo. Kwa mzazi unachanwa upande wa kushoto, juu ya moyo, na mpasuko huo haushonwi tena vizuri. Baada ya siku 30 unaweza kuupiga bandi tu. Kwa ndugu wengine unaruhusiwa kuushona sawasawa baadaye. Mimi kazi yangu ni kuficha mishono, hiyo ilinikaa kichwani wiki nzima.

Kidagaa:
Ila Yoeli 2:13 usiiruke: rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu.

Mleta mada:
Asanteni sana. Nimempigia shangazi, nikamuuliza vile vile alivyosema Kidagaa. Akafyonza. "Mzimu gani tena? Baba yako alinyoa tulipomzika babu yenu, nami nilimnyoa kwa mkono wangu. Nataka mkipita sokoni watu wajue mmefiwa na baba."

Jumamosi nanyoa. Mwinjilisti nimemwalika chakula, nitamfungulia Isaya tukishakula. Wembe nanunua mpya, kila mtu na wake.