Mrejesho: Mtoto wa miaka 2 haongei, je, ni lugha tatu za nyumbani?

Wazazi wenzangu, niliuliza kama Kijaluo cha nyanyake, Kiswahili chetu na Kiingereza cha katuni vimemfunga mwanangu ulimi. Sivyo. Masikio yalipimwa, yako sawa. Mtaalamu wa matamshi akanihesabisha maneno ya lugha zote pamoja: nilidhani ana 20, kumbe 50 na ushee, kawaida kwa umri wake. "Pi" kwa nyanyake (ni maji kwa Kijaluo) na "maji" kwangu yanahesabiwa maneno mawili. Katuni tumezima (na nyumba imepoa!), tunapiga gumzo tukipika. Jana dirishani hapa Kayole akaonyesha gari la matatu: "Gari kubwa enda!" Viambishi bado (hajasema "linaenda"), lakini maneno matatu kwa mpigo! Walioshauri tuache Kijaluo, mtatuwia radhi.