Marubani wa Chekoslovakia baada ya 1948: urafiki wao ulisalimika?

Mpitanjia_CZ:
Wakuu, habari za jioni. Niko Prague kimasomo. Jana nilipita Klárov, penye yule simba wa shaba mwenye mabawa aliyezinduliwa 2014. Msingi wake una majina ya wanajeshi wa anga wa Chekoslovakia karibu 2,500 waliopigana upande wa Uingereza kwenye Vita Vikuu vya Pili. Mzee mmoja alikuwa anapitisha kidole kwenye majina, akafika kwa mmoja, kidole kikagoma kuondoka. Sikuthubutu kumuuliza. Wanajeshi hawa walirudi 1945 wakashangiliwa, wakomunisti walipotwaa nchi Februari 1948 wakageuka maadui. Waliendelea kuwa marafiki, au ikawa kila mtu na roho yake?

Babu_Kumbukumbu:
Mkuu, soma habari za rubani Josef Bryks. Machi 1943 alitoroka kambi ya mateka ya Szubin, Poland, kajificha ndani ya tangi la mkokoteni wa kutapishia vyoo, yeye na Mwingereza mmoja. Hebu fikiria hiyo harufu! Mwenzao Otakar Černý akapitia handaki. Wakakutana, wakajificha Warsaw hadi walipokamatwa tena.

Sasa njoo 1948. Černý akawahi kurudi Uingereza. Bryks akakamatwa Mei, tuhuma ni kusaidia watu kutoroka nchi. Unaona ilipo kamba? Kumjua aliyekimbia ndiyo kosa lenyewe. Akafia Jáchymov, kwenye kambi ya machimbo ya urani, Agosti 1957. Mkewe Mwingereza na binti yao walikuwa ng'ambo.

Mti_Mkavu:
Tusiwapambe sana. Polisi wa siri walikuwa na watoa habari hadi ndani ya makundi ya maveterani. Wapo waliosaini kuwachunguza wenzao.

Babu_Kumbukumbu:
Kweli wapo, na mimi siwahukumu kirahisi. Mtu kafukuzwa jeshini, mkubwa wao mwenyewe, Jenerali Karel Janoušek, yuko gerezani (alitoka 1960), halafu unatishiwa kazi na nyumba. Ndiyo maana salamu ya barabarani tu ilikuwa na bei yake. Na uaminifu kwa Wasovieti haukumwokoa mtu: František Fajtl aliondoka Uingereza 1944, akaenda kuongoza kikosi cha ndege za kivita upande wa mashariki. Bado 1950 wakampeleka kambi ya kazi ya Mírov. Haki kamili za wengi zilirudishwa baada ya 1989, wengine wakiwa kaburini.

Mti_Mkavu:
Hiyo ya Fajtl sikuijua. Nimekaa.

Mpitanjia_CZ:
Asanteni sana. Kesho narudi Klárov, sasa nina majina mawili ya kutafuta, Bryks na Černý. Nikimkuta tena yule mzee nitamwamkia kwanza, Kicheki changu kibovu hivyohivyo.